Kadi Iliyokatwa Ukingo

Jumapili ya pili ya Februari, mwaka 1989, jengo moja la maduka upande wa mashariki wa Cleveland lilijaa wanaume waliovaa kofia za timu. Meza zilipangwa katikati ya ukumbi, kuanzia duka la viatu hadi kwenye chemchemi ya maji, na juu yake kulikuwa na kadi za besiboli tu: kadi ndani ya plastiki, kadi ndani ya albamu, kadi ndani ya maboksi marefu ambayo watu waliyapekua kwa vidole viwili kama wanaotafuta majina kwenye daftari.

Corliss Beaumont alitoka kanisani akaja moja kwa moja. Alivaa koti la sufu la zambarau alilolishona mwenyewe, kofia yenye unyoya mmoja, na viatu vya kisigino vilivyolowa theluji. Kwapani alibana boksi la viatu lililofungwa kwa uzi. Mjomba wake alikuwa amefariki Januari, na katika mirathi ile ndugu walipogawana gari na televisheni, yeye aliangukiwa na boksi.

Alisimama kwenye meza ya kwanza aliyoikuta. Mwenye meza akafungua boksi, akapekua haraka haraka, akasita mahali fulani, kisha akapekua tena kwa haraka zaidi. Akasema vitu hivi vimechakaa, lakini kwa kuwa amemwona ni mama wa heshima, atampa dola themanini kwa boksi zima. Corliss aliona themanini si haba. Alipokuwa anavua glavu ili apokee fedha, mtu mmoja aliyeinama kwenye boksi la kadi za bei ya chini akasema bila kuinua kichwa:

"Dada, usiuze leo."

Mwenye meza alimwambia ashughulike na yake. Yule mtu akajiinua. Alikuwa mrefu, na amevaa koti la kazi la buluu lenye jina la shule kifuani. Akanyoosha kidole kwenye boksi, akiwa mwangalifu asiguse.

"Hiyo ya saba kutoka nyuma. Namba mia moja thelathini na tano, seti ya mwaka hamsini na sita. Kama haina kasoro, peke yake inafika mia saba."

Corliss akamtazama mwenye meza. Mwenye meza akatazama chemchemi. Corliss akafunga boksi lake kwa uzi, kisha akamgeukia yule mrefu.

"Na wewe unafaidika nini?"

"Sifaidiki. Nimehasirika. Hiyo kadi naitafuta miaka tisa."

"Basi si ungenyamaza? Ningemuuzia huyu, nawe ukainunua kwake."

"Kwake ningeinunua kwa mia saba," alisema, na Corliss akacheka kwa sauti iliyowafanya watu wa meza ya tatu wageuke.

Ndivyo Hosea Tillery alivyomjua Corliss Beaumont. Yeye alikuwa na miaka arobaini na tatu, mtunzaji wa majengo na boila ya kupashia joto katika shule ya msingi, ameachana na mkewe zamani, ana binti chuoni. Corliss alikuwa na thelathini na tisa, hajaolewa, akipunguza na kupanua nguo za watu katika chumba cha nyuma cha duka la dobi. Walinunua kahawa, wakakaa kwenye ukingo wa chemchemi, na Corliss akadai kuonyeshwa alichonunua. Hosea akatoa kadi tatu mfukoni. Moja ilikuwa na tundu la msumari. Moja ilikunjwa katikati. Ya tatu, mtoto fulani zamani alimchora mchezaji masharubu kwa kalamu ya wino.

"Wewe wachezaji wako wote majeruhi," Corliss alisema.

"Wazima siwamudu."

Akamweleza mpango wake, akitazama kikombe. Kila wiki mbili, mshahara ukitoka, alitenga dola ishirini, si zaidi, kwa sababu karo ya binti ilitangulia kila kitu. Kwa ishirini alinunua zile ambazo matajiri walizikataa. Seti ilikuwa na kadi mia tatu na arobaini. Alikuwa nazo mia mbili tisini na nane. Corliss alimuuliza kwa nini basi, mtu mzima, anajitesa hivyo. Hosea alizipanga kadi zake tatu juu ya goti.

"Ina mwisho," alisema. "Ndoa sikujua inaishia wapi mpaka ilipoisha. Kazi sijui. Hii ina namba. Unaanza moja, unafika mia tatu na arobaini, umemaliza."

Corliss hakulicheka jibu hilo. Alimwandikia namba yake ya simu nyuma ya karatasi ya ibada.

Hosea alipiga siku iliyofuata, saa kumi na mbili jioni, alipokwisha kuzima boila. Akapiga na kesho yake. Ikawa desturi. Corliss alikuwa akikaanga au akipiga pasi, simu ameibana kati ya sikio na bega, akimtania.

"Shirika la majeruhi linasemaje leo?"

"Tumepokea mmoja. Kona zote nne zimeliwa na panya."

"Pole yake. Na mkurugenzi amekula?"

"Mkate na soseji."

"Hosea, huo si mlo, hiyo ni adhabu. Njoo Jumapili nikupikie."

Akaenda Jumapili, akala kuku na mboga za majani na mkate wa mahindi, na pai ya viazi vitamu. Corliss alilitazama koti lake la buluu lilivyomwagika mabegani kana kwamba limeazimwa kwa mtu mwingine, akamvua Hosea akiwa bado anatafuna, akalipeleka kwenye cherehani. Alipolivaa tena, Hosea alijitazama kwenye kioo cha barazani, akagusa mshono wa bega. Hakuwahi kuvaa kitu kilichokatwa kwa kipimo chake.

Masika yale walizunguka pamoja. Jumamosi walikwenda kwenye magulio na kwenye nyumba ambazo watu walitandaza vitu vyao kuukuu uwanjani wauze. Hosea alikuwa hajui kubembeleza bei. Alitaja alichonacho, akikataliwa anaondoka. Corliss alichukua kazi hiyo. Alimsifu bibi mmoja kwa upindo wa pazia zake, wakazungumza nusu saa juu ya nyuzi, na mwisho wake bibi akawapa kadi nne kwa bei ya moja. Ndani ya gari Hosea alicheka hadi akashindwa kuwasha injini.

"Mke wa namna hii," alisema, "hupatikana wapi?"

"Nyuma ya duka la dobi. Lakini wateja hawaingii huko."

Hapo ndipo alipomweleza Hosea habari ya duka. Kwa miaka kumi na minne alikuwa ameshona nyuma ya mgongo wa mtu mwingine. Alitaka dirisha. Alitaka chumba kimoja kinachotazama barabara, ndani yake gauni la harusi na majoho ya kwaya, na jina lake juu ya mlango. Kulikuwa na chumba kitupu karibu na kituo cha basi. Alikuwa ameweka akiba kidogo, na iliyobaki ilikuwa imelala katika boksi la mjomba. Mia saba, Hosea alisema mwenyewe. Mia saba ingemnunulia cherehani ya kiwandani na kulipa pango mpaka wateja wamjue.

Jumapili moja ya Aprili Corliss alikuja nyumbani kwa Hosea na kadi ile, akamwomba aiweke kwenye plastiki ngumu isije ikaharibika kabla ya kuuzwa. Yeye akaenda jikoni kukata vitunguu. Hosea alikaa mezani, akaitelezesha kadi ndani ya plastiki. Ikacheza. Akaitikisa, ikacheza tena, kama mguu ndani ya kiatu kikubwa. Akaitoa, akachukua kadi nyingine ya mwaka uleule, akazibananisha. Ukingo wa kulia wa kadi ya Corliss ulikuwa mfupi kwa unene wa ukucha. Mtu fulani, zamani sana, labda mjomba mwenyewe akitaka kuondoa kona zilizochakaa, alichukua mkasi na rula akaikata. Alifanya kazi safi. Na kadi iliyokatwa, hata kwa ustadi gani, wanunuzi huihesabu kama maiti.

Kutoka jikoni Corliss alikuwa akiuliza. Pazia za dukani ziwe njano au kijani? Njano huvutia, lakini hupauka upesi. Hosea unaonaje?

Hosea alifungua mdomo. Alimwona kwa pembeni, aproni kiunoni, mabega yakicheza kwa furaha, machozi ya vitunguu yakimtiririka.

"Njano," alisema.

Alijiambia hana hakika. Alimwomba Corliss aiache kadi kwake siku chache, aifunge vizuri. Jumamosi asubuhi akaipeleka kwa Sadlowski, mzee mwenye duka la kadi upande wa magharibi ambaye alimuuzia Hosea nusu ya majeruhi wake. Sadlowski aliipima kwa rula ya chuma, akatikisa kichwa. Imekatwa. Sabini, labda themanini kwa mwenye huruma. Hosea alisimama pale akizungusha kofia. Ili aseme kitu, akasema kwamba kwa mtu kama yeye hata iliyokatwa ingefaa, ingejaza pengo. Sadlowski akacheka, akasema akiipata atamkumbuka. Ni hayo tu.

Alikusudia kumwambia Corliss usiku uleule. Baadaye alisema angemwambia Jumapili, kisha siku ya kuzaliwa kwa Corliss ikakaribia, ikawa si vizuri kumharibia. Mei ikapita. Kila saa kumi na mbili jioni simu ililia, na kila mara duka lilikuwa limeongezeka kitu: kioo cha urefu wa mtu, kengele ya mlangoni, kiti cha kukalia mama wa bibi harusi. Hosea aliitikia. Alianza kuitunza ile ishirini yake bila kununua chochote, akidhani ataweza kujaza tofauti polepole, Corliss asijue kamwe. Hesabu ilimwonyesha ingechukua zaidi ya mwaka, lakini mtu mwenye hofu hapendi hesabu.

Asilolijua ni kwamba Corliss alitaka kumshtukiza. Wiki ya kwanza ya Juni aliaga pale kwa dobi. Wenzake walimkatia keki. Alitia sahihi mkataba wa chumba, akatoa akiba yake yote kwa mwenye nyumba, akaichukua kadi siku Hosea akiwa kazini, kwa ufunguo aliopewa, akavaa gauni lake jeupe lenye vidoti vya buluu na kwenda upande wa magharibi. Sadlowski ndiye muuzaji pekee aliyemjua kwa jina.

Mzee yule hakuwa mtu mbaya. Alipoiona kadi akatabasamu.

"Kumbe ndiyo hii tena. Bwana Tillery hakukwambia? Aliileta Aprili. Imekatwa ukingo, mama. Sabini ndiyo bei yake."

Corliss akasema labda ni nyingine. Sadlowski akamwonyesha kwa rula.

"Yeye mwenyewe alisema kwake hata iliyokatwa inafaa. Nilidhani mmeshakubaliana."

Corliss alipokea sabini. Alikwenda kwa miguu hadi kituo cha basi cha nne kabla ya kukumbuka kwamba kuna mabasi.

Saa kumi na mbili simu yake haikupokelewa. Hosea alipiga mara tatu, kisha akavaa koti akamfuata. Corliss alifungua mlango, akabaki amesimama katikati yake, bado na lile gauni la vidoti.

"Aprili," alisema.

Hosea alijua papo hapo.

"Corliss, nilikuwa nitakwambia."

"Lini? Nilipokuwa nachagua pazia? Nilipokuuliza kengele ya mlango iwe ya namna gani, ukaniambia ya shaba inalia vizuri?"

"Sikutaka kukuvunja moyo."

"Ulitaka kadi. Ungengoja nikwame, uje kama mkombozi, uniambie, Corliss mpenzi, imekatwa, lakini mimi nitakupa sabini. Ukajaze pengo lako."

"Si kweli. Haki ya Mungu si kweli."

"Ulimwambia Sadlowski au hukumwambia?"

Hosea angeweza kueleza. Angeweza kusema lilikuwa neno tu, la mtu aliyeshikwa na aibu dukani kwa mtu. Lakini maneno yenyewe alikuwa ameyasema, na alikuwa amechoka kusema yasiyokamilika.

"Nilimwambia," alisema.

Mlango ulifungwa taratibu. Afadhali ungebamizwa.

Duka halikufunguliwa, na mwenye nyumba hakurudisha akiba. Pale kwa dobi walikuwa wamekwisha kumweka msichana mwingine kwenye cherehani. Mwezi wa saba mama yake Corliss, aliyeishi peke yake Macon, kule Georgia, alianguka bafuni akavunjika nyonga, na Corliss akafunga mizigo. Hakumuaga Hosea. Hosea alisikia kwa mama mmoja wa kanisani, aliyempa habari hiyo kwa sauti ya mtu anayedhani mwenzake anajua.

Alipiga simu Macon. Mara ya kwanza mama ndiye aliyepokea.

"Corliss yuko?"

"Yuko."

"Naweza kusema naye, mama?"

Nyuma ya mama sauti ya cherehani ilitembea, ikasimama, ikatembea tena.

"Anasema hayuko, mwanangu," mama alisema, kwa upole.

Aliandika barua. Ya kwanza ilikuwa na kurasa sita za kujitetea, akaipeleka. Ya pili ilikuwa na ukurasa mmoja, akaipeleka. Ya tatu ilikuwa na mistari minne tu, na kama zile nyingine, nayo haikujibiwa. Ile desturi ya saa kumi na mbili iligoma kumtoka. Aliweka simu karibu akala soseji yake akiitazama.

Alirudi kwenye kadi, kwa sababu mtu lazima arudi mahali. Ishirini kila wiki mbili, vilevile. Mia tatu na kumi. Mia tatu ishirini na sita. Hakuwa tena na mtu wa kumbembelezea bei, akawa anataja alichonacho na kuondoka. Kufikia Februari 1991 alikuwa na mia tatu thelathini na tisa, na ukurasa mmoja wa albamu yake ulikuwa na mfuko mmoja mtupu.

Sadlowski alimpigia simu kazini. Alisema anafunga duka, magoti yamemshinda, anamaliza alivyonavyo. Ile kadi iliyokatwa ilikuwa bado ipo, haikupata mtu. Kwa Hosea, kwa ajili ya miaka yote ile, mia moja.

Hosea alijua ni kadi ya nani. Alisema atafikiri. Alifikiri siku mbili, na siku ya tatu, akiwa na mafungu matano ya dola ishirini mfukoni, alivuka mto kwenda upande wa magharibi, akalipa, akarudi. Alikaa mezani na koti lake lililoshonwa upya bado mwilini. Akaitelezesha kadi kwenye mfuko mtupu. Seti ilikuwa imetimia, mia tatu na arobaini, baada ya miaka kumi na moja.

Alingoja kitu kije. Aliwahi kuifikiria siku hii mara nyingi. Aliwahi hata kudhani atalia. Friji ilinguruma. Aligeuza kurasa tangu mwanzo, matundu, mikunjo, masharubu ya wino, mpaka akafika tena pale. Ndipo alipoona alichofanya. Mwanamke alimshtaki kwamba anaitaka kadi yake kwa bei ya chini, naye alikuwa ameapa kwamba si kweli. Na sasa kadi ilikuwa mezani kwake, kwa bei ya chini. Hakuna aliyekuwa amemlazimisha. Alikuwa ameitaka kweli. Hakuwa amemdanganya Corliss kwa ajili ya kadi, lakini aliitaka tangu siku ile ya chemchemi, na hilo pia hakuwahi kulisema mpaka mwisho.

Aliomba likizo ya siku nne. Basi la masafa lilichukua usiku mzima na nusu ya siku. Macon kulikuwa na joto tayari, na miti ya mabarabarani ilikuwa inaanza kutoa maua meupe. Nyumba ya Mama Beaumont ilikuwa ya mbao, rangi imebanduka, na kwenye dirisha la barazani kulikuwa na kipande cha kadibodi kilichoandikwa kwa mkono safi: NGUO ZINAREKEBISHWA.

Corliss alikuwa amepungua. Nywele zake zilikuwa na mvi pembeni ambazo hakujishughulisha kuzipaka. Alivaa gauni jipya la rangi ya machungwa, na tepu ya kupimia ilining'inia shingoni. Alimtazama Hosea kama mtu anayesoma barua, kisha akamwambia akae barazani, ndani mama amelala. Akamletea chai baridi. Alimuuliza binti yake amemalizaje chuo. Hosea alijibu, amepata kazi Columbus, ni mwalimu.

Kisha Hosea akasema lililomleta. Alimweleza yote kwa mpangilio: kadi ilivyocheza ndani ya plastiki, vitunguu, pazia za njano, Sadlowski na rula yake, maneno aliyoyasema na kwa nini aliyasema. Hakujipunguzia. Alipofika mwisho akatoa kadi mfukoni, akaiweka juu ya meza kati ya glasi.

"Niliinunua wiki mbili zilizopita. Hakuna aliyenituma. Seti yangu ilitimia kwa hii. Nimekuja kukurudishia, na kukwambia kwamba niliitaka. Tangu siku ya kwanza. Lakini wewe nilikutaka zaidi, na nikanyamaza kwa sababu niliogopa kuona uso wako ukibadilika."

Corliss hakuigusa kadi.

"Sikuwa naihitaji mia saba, Hosea," alisema. "Ningeambiwa Aprili, ningelia siku mbili, ningebaki kwa dobi, tungeweka akiba. Sasa hivi tungekuwa na duka. Uliniacha miezi miwili nikiota kwa sauti mbele yako, nawe unajua. Nilikuwa mjinga peke yangu, na wewe umekaa palepale mezani unaniangalia."

"Najua."

"Barua zako nilizisoma. Ya mistari minne ninayo. Niliacha kuamini kwamba ulitaka kuniibia tangu Krismasi ile ya kwanza. Mwizi haandiki vile."

"Basi nioe," Hosea alisema, akajisikia vibaya jinsi lilivyotoka, akarekebisha. "Namaanisha, nikuoe. Nitahamia hapa. Boila ziko kila mahali."

Corliss alicheka kidogo, na machozi yakamjaa. Alimshika mkono, akaushika kwa muda mrefu, akipapasa kidole gumba kilichokuwa kimeungua boilani.

"Nakupenda," alisema. "Nisikilize mpaka mwisho. Nakupenda, na nikilala nakuwazia. Lakini nikikuuliza swali lolote, hata kama mvua itanyesha, nitakapolipata jibu nitajiuliza umelipunguza wapi. Nilijaribu kujiona nikiishi hivyo. Nimejaribu kwa karibu miaka miwili. Siwezi. Nitakuchosha, na nitajichosha, na mwisho tutachukiana, na mimi sitaki kukuchukia wewe."

Hosea alitaka kubisha. Alitafuta neno, na kila alilolipata lilikuwa la ahadi, na ahadi ndiyo hasa isiyokuwa na thamani tena pale barazani. Alinyamaza. Safari hii kunyamaza kulikuwa sahihi, naye aliona kejeli yake.

Basi la kurudi lilikuwa saa kumi na moja. Corliss alimwomba jirani amwangalie mama, akamsindikiza kwa miguu. Walitembea polepole, mabega yakigusana, wakizungumza juu ya mambo madogo: Sadlowski na magoti yake, theluji ya Cleveland mwaka huo, mama wa kanisani anayejua habari za kila mtu. Kituoni palikuwa na watu wachache. Dereva alikuwa tayari anapakia mabegi.

Corliss alisimama mbele yake, akajinyoosha, akaivuta sketi ya lile gauni la machungwa pande mbili.

"Nililishona mwenyewe, mwezi uliopita," alisema. "Nimependeza?"

Hosea alilitazama. Alilitazama kwa makini, kama alivyokuwa akitazama kadi kabla ya kutoa ishirini yake.

"Hapana," alisema. "Rangi inakufifisha. Na mabegani limekubana."

Corliss aliangua kicheko. Alicheka huku ameinama, mkono mmoja kwenye kifua cha Hosea, mpaka dereva akageuka kuwatazama. Kisha kicheko kikabadilika, akawa analia, paji la uso limeegemea lile koti la buluu, naye Hosea amemzungushia mikono, asijue aiweke wapi kwa kuwa gauni lilimbana kweli.

"Ungenijibu hivyo Aprili," alisema kifuani pale. "Ee Hosea. Ungenijibu hivyo Aprili."

Dereva akaita. Hosea alipanda, akapata kiti upande wa dirisha. Corliss hakupunga mkono, wala hakuondoka. Alisimama palepale juani na gauni lake lisilompendeza, akifuta uso kwa ncha ya tepu, mpaka basi lilipogeuka kuelekea kaskazini.